Mikrosekunde 97 za Kiputo

Dodoma kiputo kinachelewa kufa. Chukua kiputo kitupu chenye nusu kipenyo cha milimita 1 ndani ya maji, kiache kinywee chenyewe kwa kusukumwa na mgandamizo wa hewa iliyo juu ya maji hayo. Dar es Salaam, usawa wa bahari, kitakwisha kwa mikrosekunde 91 hivi, na mikrosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hapa kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 88 na ushee badala ya 101, na kiputo hichohicho kitachukua mikrosekunde 97. Sababu ni ileile inayofanya maji ya chai Dodoma yachemke kwenye nyuzi 96 hivi, kabla ya kufika 100.

Tofauti ya mikrosekunde 6 haimponyi mtu wala haimdhuru. Lakini kanuni niliyoitumia kuipata, ile aliyoiandika mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh mwaka 1917, ndiyo mlango wa jambo ninalotaka kulieleza: namna watu walivyojifunza kupiga picha vitu vyenye maisha mafupi kiasi hicho, na namna picha hizo zilivyotusaidia kuelewa kwa nini mashine ya kuvunja mawe ya figo haipaswi kuharakishwa.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa pampu za maji, nikihudumia visima na mashamba ya zabibu upande wa Hombolo na Mpunguzi, na viputo nilivijua kwa masikio kabla sijavijua kwa macho. Pampu ikikosa maji ya kutosha upande wa kuvutia, hutoa mlio kama mtu amemwaga changarawe ndani yake. Ukiifungua huikuti changarawe. Unakuta impela, lile gurudumu la mapanga linalosukuma maji, imeliwa: chuma kilichokuwa laini kimejaa vishimo vya ncha ya sindano, vimesongamana sehemu moja, na pembeni yake chuma ni kizima kabisa. Ukipitisha kidole pale unakwaruzwa. Kilichotokea ni kwamba mgandamizo wa maji ulishuka mno penye mdomo wa impela, maji yakageuka mvuke palepale bila moto wowote, viputo vikazaliwa, vikasukumwa hadi mahali penye mgandamizo mkubwa, vikanywea kwa ghafla juu ya chuma. Hali hiyo inaitwa kavitesheni, na kila fundi wa pampu amewahi kulipia impela kwa sababu yake.

Wajenzi wa meli ndio waliopambana nayo mwanzo. Miaka ya 1890 Waingereza walikuwa wakitengeneza meli za kasi, na propela zikawa zinazunguka bila kusukuma inavyotakiwa. Charles Parsons, yule mhandisi wa injini ya tabo inayozungushwa na mvuke, alijenga mwaka 1895 chombo kidogo cha kuzungushia maji, akaweka propela ndani, na akaimulika kwa mwanga wa kuwaka na kuzima ili macho yaione imesimama. Akaviona viputo. Kwa hiyo tangu mwanzo habari ya kavitesheni imekuwa habari ya mwanga na ya kutegea wakati. Miaka ishirini na kitu baadaye Rayleigh, akishughulishwa na propela zilizokuwa zikiliwa, alipiga hesabu ya kiputo cha duara kinachonywea na kuonyesha kwamba mgandamizo wa mwisho, kiputo kikiwa kidogo kabisa, unakuwa mkubwa ajabu.

Sasa twende kwenye figo.

Hapa Dodoma watu wanaijua habari ya mawe ya figo, na wengi watakuambia ni maji ya chumvi ya visima. Ubishi huo sitauingia leo. Jambo ambalo madaktari wamelithibitisha vizuri ni kiasi cha maji ambacho mtu anakunywa: mkojo ukiwa mchache na mzito, madini yanagandana kwa urahisi. Mtu anayepalilia zabibu kuanzia alfajiri juani, na chupa moja ya maji inamtosha hadi saa tisa mchana, anayapa mawe nafasi. Yule aliyewahi kusikia maumivu ya jiwe linaloshuka kwenye mrija wa mkojo hahitaji kuelezwa zaidi.

Kabla ya mwaka 1980, jiwe kubwa la figo maana yake ilikuwa kisu. Tarehe 7 Februari mwaka huo, mjini Munich nchini Ujerumani, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mawimbi ya mshtuko yaliyotoka nje ya mwili. Mashine ilitengenezwa na Dornier, kampuni ya ndege, iliyokuwa ikichunguza madhara ya matone ya mvua kwa ndege ziendazo kasi kuliko sauti. Tiba hiyo inaitwa litotripsi. Katika mashine zile za mwanzo, mgonjwa aliketishwa ndani ya beseni kubwa la maji. Chini yake cheche ya umeme ililipuka ndani ya bakuli la chuma lenye umbo maalumu. Wimbi likatoka kwenye cheche, likagonga kuta za bakuli, likakusanyika tena sehemu moja tu, na sehemu hiyo ndipo jiwe lilipowekwa kwa kuongozwa na eksirei. Modeli iliyoenea duniani, HM3, iliruhusiwa Marekani mwaka 1984.

Wimbi hilo lina sura mbili, na sura ya pili ndiyo iliyonivuta. Mwanzoni mgandamizo unapanda ndani ya nanosekunde chache (nanosekunde ni sehemu ya elfu ya mikrosekunde) hadi megapaskali 30, wakati mwingine 100. Hewa inayotuzunguka ni megapaskali 0.1 tu. Msukumo huo unadumu mikrosekunde moja hivi. Nyuma yake unakuja mvuto: kwa mikrosekunde kadhaa maji yanavutwa badala ya kusukumwa, kwa kiasi cha megapaskali 10 hivi chini ya sifuri. Maji hayavumilii kuvutwa hivyo. Popote penye chembe ya vumbi au kipovu kidogo kisichoonekana, yanaachana. Kiputo cha ukubwa wa vijidudu kinavimba hadi milimita moja au zaidi, na kinaendelea kuvimba hata wimbi lenyewe likiwa limeshapita mbali, kwa sababu maji yaliyokwisha kusukumwa nje bado yanakwenda. Halafu yanarudi. Kuanzia kuzaliwa hadi kunywea zinapita mikrosekunde mia mbili, mia tatu, au zaidi.

Unakionaje kitu hicho?

Chombo chenye kuta za kioo kinajazwa maji yaliyoondolewa hewa. Upande mmoja inawekwa taa, upande wa pili kamera, na katikati jiwe, mara nyingi jiwe bandia la plasta lenye ugumu unaofanana na wa mawe ya figo. Mwanga unatoka nyuma kuja kwenye lenzi. Kiputo kinatokea kwenye picha kikiwa duara jeusi lenye nukta nyeupe katikati. Nilipoiona picha hiyo mara ya kwanza nilidhani ule weupe ni shimo. Ukweli ni kwamba mwanga unaogonga pembeni mwa kiputo unapindishwa au kurudishwa, haufiki kwenye kamera, na ule unaopita katikati kabisa unaingia moja kwa moja na kutoka bila kupindishwa. Kwa hiyo weusi ni ukuta wa kiputo unaokwepesha mwanga. Ukishalijua hilo, unaanza kusoma picha: duara lililopoteza umbo upande mmoja, weupe uliohama katikati, kila kitu kinasema jambo.

Tabu ni muda. Wimbi linakwenda milimita 1.5 kwa kila mikrosekunde ndani ya maji. Ukiuacha mwanga uwake kwa mikrosekunde moja, wimbi litakuwa limejipaka kwenye picha nzima kwa milimita moja na nusu, nawe hutaona chochote cha maana. Kwa hiyo mwanga unatakiwa uwake kwa nanosekunde chache tu. Kwa nanosekunde 10 wimbi linasogea mikromita 15, yaani sehemu 15 za elfu za milimita, na picha inakaa. Kisha kuna suala la kuulenga wakati wenyewe. Kama kutoka kwenye cheche hadi kwenye jiwe ni sentimita 15, wimbi linatumia mikrosekunde 100 kufika. Unaichelewesha taa kwa mikrosekunde 100 baada ya cheche unalikuta wimbi linagusa jiwe. Unaichelewesha kwa 300, unavikuta viputo vimevimba. Unaongeza tena, unavikuta vinanywea.

Mbinu hiyo ya picha moja kwa kila pigo ni nzuri na ya bei nafuu, ila ina kasoro: inadhani kila pigo linafanana na lililotangulia, na viputo vya litotripsi havifanani. Vinazaliwa kwa makundi, kila mara mahali tofauti kidogo. Ndiyo maana watafiti wamehamia kwenye kamera zinazopiga mamia ya maelfu, hata mamilioni ya picha kwa sekunde, ili tukio moja lifuatwe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kamera hizo zenye kasi ya mwisho kabisa zinabeba picha mia moja au mia mbili tu kwenye kumbukumbu yake. Kwa picha milioni moja kwa sekunde, hiyo ni mikrosekunde mia moja au mia mbili, basi. Ukikosea kutegea, unarudi na picha za maji matupu.

Na wimbi lenyewe, ambalo halina rangi wala umbo? Wajerumani na Waaustria walilitatua zamani. Palipo na mgandamizo mkubwa maji yanakuwa mazito kidogo na yanapindisha mwanga tofauti; ukipanga lenzi vizuri, ule mpindo unaonekana kuwa mstari mweusi. August Toepler aliianzisha mbinu hiyo miaka ya 1860, na mwaka 1887 Ernst Mach na Peter Salcher walichapisha picha za wimbi linaloitangulia risasi. Kwa mbinu za ukoo huo, picha za leo zinaonyesha kitu ambacho kwangu kina uzuri wa pekee: kiputo kikinywea hadi mwisho, duara jembamba la kivuli linaanza kutoka pale kilipokuwa. Kiputo kimetoa wimbi la mshtuko la kwake.

Kiputo kilicho katikati ya maji kinanywea kwa usawa pande zote. Kilicho karibu na jiwe hakiwezi, kwa kuwa upande wa jiwe maji hayana njia ya kuja. Upande wa mbali maji yanakuja kwa uhuru, ukuta wa upande huo unakimbia kuliko mwingine, unabonyea ndani, na mwishowe mchirizi mwembamba wa maji unapita katikati ya kiputo na kugonga jiwe kwa kasi inayoweza kuzidi mita 100 kwa sekunde. Watafiti Naudé na Ellis walionyesha mchirizi huo kwa picha mwaka 1961. Kule Göttingen, Ujerumani, Werner Lauterborn na wenzake walikuja na njia ya kuzalisha kiputo kimoja kwa leza mahali wanapotaka, na kwa sababu kiputo kilizaliwa kila mara palepale kwa wakati uleule, waliweza kukichunguza kwa utulivu. Mwaka 1988 mwanafizikia Lawrence Crum aliunganisha mambo haya na mawe ya figo. Kabla yake kidogo watafiti walikuwa wameweka karatasi ya alumini kwenye njia ya mawimbi ya litotripsi wakaikuta na vishimo. Nilipoziona picha za karatasi hizo nilizikumbuka impela zangu papo hapo.

Hata hivyo, picha za kamera za kasi zimeonyesha kuwa mambo ni makubwa kuliko mchirizi mmoja. Juu ya uso wa jiwe unaotazama mashine, viputo vingi vinavimba, vinaungana, vinafunika uso huo, kisha kundi zima linanywea pamoja kuelekea katikati. Pigo la kundi ni kubwa kuliko la kiputo kimojakimoja.

Je, viputo ndivyo vinavyovunja jiwe peke yake? La. Wimbi lenyewe linalibana jiwe na kulivuta kwa ndani. Jaribio lililonishawishi lilifanyika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, likachapishwa mwaka 2002. Mawe bandia yalipigwa ndani ya maji, na mengine yakapigwa ndani ya mafuta ya nyonyo. Mafuta ya nyonyo ni mazito, viputo havipati nafasi ya kuvimba humo. Mawe ya kwenye mafuta yalivunjika, ndiyo, lakini yakabaki vipande vikubwa. Ya kwenye maji yalisagika. Na mgonjwa anahitaji yasagike, kwa sababu kila kipande lazima kipite kwenye mrija mwembamba wa mkojo. Kipande kikubwa kitakwama na kuleta maumivu yaleyale yaliyompeleka hospitali.

Nafika sasa penye moyo wa haya yote.

Ile mashine ya beseni ilikuwa na tabia mbili zilizowachosha watu. Kwanza, ilipiga kwa kufuata mapigo ya moyo, kwa kuogopa kuuvuruga moyo, hivyo mapigo yalikuwa kama 60 au 80 kwa dakika. Pili, ilihitaji beseni zima la maji. Baadaye ikaonekana kwamba kwa wagonjwa wengi si lazima kuufuata moyo, na waendeshaji wakapandisha hadi mapigo 120 kwa dakika. Mapigo 3,000 yaliyokuwa yakichukua dakika 50 yakawa yanakwisha kwa dakika 25. Na beseni likaondolewa; pakaja mto wa mpira uliojaa maji, unaopakwa jeli na kuegeshwa kwenye ngozi. Mashine zikawa ndogo, safi, na za haraka. Lakini matokeo yake kwenye mawe hayakuwa bora kuliko ya ile mashine ya zamani, na kwa miaka mingi HM3 ndiyo iliyobaki kipimo cha kulinganishia nyingine.

Viputo vinaeleza sehemu kubwa ya fumbo hilo. Kiputo kikinywea hakiondoki kabisa. Hewa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji imeingia ndani yake, na baada ya kunywea inabaki vumbi la vipovu vidogo sana, vinavyoyeyuka polepole. Pigo linalofuata likija mapema, linavikuta. Ile sehemu ya kusukuma inapita. Ile sehemu ya kuvuta, yenye kuzaa viputo, inatumika kuvimbisha vipovu vilivyotapakaa njiani kabla haijafika kwenye jiwe. Nguvu inaliwa njiani. Kwenye picha unaona wingu limesogea, limetanda mbele ya jiwe, na jiwe limekaa nyuma yake. Ukipunguza hadi mapigo 60 kwa dakika, vipovu vingi vinapata sekunde nzima ya kuyeyuka. Jaribio la wagonjwa lililofanyika Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2005 lililinganisha 60 na 120 kwa dakika, na kundi la 60 ndilo lililofanikiwa zaidi. Tafiti za Indiana, Marekani, kwa figo za nguruwe zimeonyesha pia kwamba kuanza kwa nguvu ndogo na kupiga taratibu kunapunguza kuvuja damu ndani ya figo.

Kuvuja damu nako kuna kiputo ndani yake. Nyama ya mwili haipitishi mwanga, kwa hiyo kamera haiwezi kuingia figoni mwa mgonjwa; madaktari wanatumia ultrasaundi, ambako viputo vinaonekana kuwa mng'ao mweupe. Lakini mwaka 2011 Hong Chen na wenzake walichapisha picha za kamera ya kasi zilizopigwa kupitia hadubini kwenye mishipa midogo ya damu ya panya, iliyo myembamba kiasi cha kupitisha mwanga, huku wakivichokoza viputo ndani yake kwa ultrasaundi. Mshipa ulitanuka kiputo kilipovimba, na kiliponywea, ukuta wa mshipa ulivutwa kuingia ndani. Tishu ndogo namna hiyo inavutwa na kusukumwa ndani ya mikrosekunde chache. Nilikaa na picha hizo muda mrefu. Kiputo kinachohitajika juu ya jiwe hakitakiwi kabisa ndani ya mshipa, na anayeongoza mashine anatakiwa aujue mpaka huo, kwa kuutafuta kwa kasi ya mapigo, kwa nguvu ya kuanzia, na kwa kulenga.

Mashine ninayoigusa mimi kila mara si ya litotripsi. Ni ile ndogo ya fiziotherapia, ya kutibu kisigino, bega na kiwiko. Nayo inaitwa ya mawimbi ya mshtuko, ingawa kwa fizikia hasa wimbi lake si la mshtuko: kompresa ya hewa inasukuma kipande kidogo cha chuma ndani ya bomba la mkononi, kinagonga kichwa cha chuma, na kichwa kinapeleka wimbi la mgandamizo kwenye ngozi. Nguvu yake ni ndogo sana ukilinganisha na litotripsi. Watafiti wamekitumbukiza kichwa cha aina hiyo kwenye maji wakakipiga picha kwa kamera ya kasi, na hata hapo viputo vinaonekana mbele yake.

Nilipomaliza kufanyia matengenezo mkono mmoja wa mashine hiyo, kabla ya kuurudisha, niliujaribu kwenye tangi dogo la kioo la kufugia samaki. Nilijaza maji ya bomba, nikaweka taa nyuma na karatasi nyeupe ya kutawanya mwanga, nikazamisha ncha ya kichwa tu, na simu mbele ikipiga picha 240 kwa sekunde. Kati ya picha na picha hapo zinapita zaidi ya mikrosekunde 4,000. Viputo zaidi ya 40 vya Dodoma vinaweza kunywea kwa zamu katika pengo hilo, kwa hiyo simu haikuweza kuniletea kiputo kinachonywea. Iliniletea kilichobaki. Baada ya kila pigo ukungu mwembamba ulining'inia mbele ya chuma, ukaanza kupanda taratibu, na nilipoongeza mapigo kwa sekunde ule ukungu haukupata muda wa kutoweka. Pigo lilipiga ndani ya mabaki ya lililotangulia. Nikarudia kwa maji yaliyochemshwa yakaachwa yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukungu ukapungua sana, kwa sababu hewa iliyoyeyuka ilishatolewa kwa kuchemsha.

Nilimwonyesha dada wa fiziotherapia video hiyo, mtu makini ambaye huwa ananidai maelezo ya kila skrubu. Akaitazama mara mbili. Akauliza, "Sasa fundi, ndani ya mguu wa mtu kuna maji ya bomba au ya kuchemsha?" Swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza. Mwili si tangi. Hewa yake, chembe zake, ugumu wa tishu zake, vyote ni vingine, na ndiyo maana maabara zinatumia jeli angavu zinazoiga tishu. Dozi na kasi ni kazi yake na ya daktari, mimi siingii. Lakini kuna sehemu moja ambayo ni ya fundi na mtaalamu kwa pamoja, nayo ni pale chuma au mto unapokutana na ngozi.

Wimbi likitoka kwenye maji au jeli likakutana na hewa, linarudi karibu lote. Watafiti wa litotripsi waliangalia kupitia utando angavu na kupima: vipovu vya hewa vikifunika asilimia 2 tu ya eneo la kugusana, uvunjaji wa jiwe unapungua kwa asilimia 20 hadi 40. Asilimia 2! Mtu anaweza kulipia tiba nzima, akasafiri, akalala njaa kwa ajili ya maandalizi, na sehemu kubwa ya nguvu ikaishia kwenye hewa iliyonaswa ndani ya jeli. Zipo sasa mashine za litotripsi zenye kamera ndogo ya video ndani ya kichwa, zinazomwonyesha mwendeshaji vipovu hivyo ili avifute kabla ya kuanza. Kamera hiyo haina haja ya mamilioni ya picha kwa sekunde. Ni ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo tulifanya letu. Tuliweka kioo cha dirisha juu ya viti viwili, dada akapaka jeli juu ya kioo kwa namna anayoizoea, kwa kuiminya kwenye chupa huku akizungusha mkono, kisha akaikandamiza kwa mfuko wa plastiki uliojaa maji. Mimi nilikuwa chini na tochi. Kati ya mizunguko ya jeli hewa ilikuwa imenaswa, vipovu virefu na vya duara, vinang'aa. Tukafuta. Safari hii akaiweka jeli yote lundo moja katikati, kutoka kwenye kopo la mdomo mpana, bila kuitandaza kwa vidole, akaacha mfuko wenyewe uitandaze kutoka katikati kwenda pembeni. Hewa ikasukumwa nje. Vikabaki vipovu viwili vitatu kwenye ukingo. Akauinua mfuko kidogo na kuurudisha, na palepale hewa ikaingia tena, ndipo tukaelewa kwa macho yetu kwa nini inashauriwa kutomsogezasogeza mgonjwa baada ya kugusanisha.

Siku ile alikuwepo mama mmoja anayeuza mboga soko la Majengo, kisigino kinamsumbua kwa kusimama kutwa. Alikuwa anatusubiri, akawa anatutazama tumeinama chini ya kioo.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Mnatafuta nini huko chini?"

"Hewa, mama. Ikibaki hapa katikati, mashine inapiga hewa, haipigi kisigino chako."

Akaomba naye aone. Dada akamshika mkono akainama, nikammulikia. Akaviangalia vile vipovu, halafu akamgeukia dada: "Basi na kwangu weka hivyo hivyo, lundo. Na usiwe na haraka, mboga nimemwachia mwanangu."

Kichwa cha mashine yetu ni cha chuma, huwezi kuona kupitia ndani yake. Nimeanza kutafuta mpira angavu unaostahimili jeli na dawa ya kusafishia, ili nitengeneze mto wa majaribio na kuweka kamera ndogo nyuma yake. Fundi yeyote wa vifaa tiba, Singida, Iringa au popote, aliyewahi kupata mpira wa namna hiyo, ninaomba aniambie unene wake na mahali alipoununua.